Jinsi binti yangu alivyokubali kufungua mdomo kwa daktari wa meno

Binti yangu wa miaka mitano alikuwa akisikia tu neno daktari, anaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Sababu tuliijua. Zahanati tuliyoanza nayo walimkamata mikono na miguu, mwingine akashika kichwa, kioo kikaingizwa kwa nguvu. Hawakuziba jino wala kung'oa, ila hofu ilibaki, na kati ya magego mawili yaliyotoboka, moja likawa linamuamsha usiku.

Nyumbani Bombo, hapa Uganda, ushauri haukukosekana. Mama mkwe aliniambia, "Mwanangu, hayo ni meno ya utoto, si yatang'oka yenyewe?" Nikamjibu kwa upole, "Mama, ya mbele ndiyo huanza kulegea akifika miaka sita hivi. Magego hukaa mpaka miaka 10 au 12." Maana yake gego lile lilikuwa bado na miaka ya kutafuna, na usaha ukijaa chini yake unaweza kuliharibu jino la ukubwani linalojiandaa humo ndani. Huku kudharau meno ya watoto kumetuumiza sana Uganda. Mpaka leo wapo wanaosema kichanga mwenye homa na kuharisha ana ebinyo, yaani meno mabaya yanayodaiwa kuleta ugonjwa, wakamchimba ufizi kwa spoku ya baiskeli. Wanachokitoa ni chipukizi la chonge, na ugonjwa uliomleta unabaki pale pale. Wapo waliokufa kwa kutoka damu au kwa vidonda kuingia uchafu. Jirani akilitaja jambo hilo mbele yangu, sinyamazi.

Mtoto hakuwa na uvimbe wala homa. Angekuwa navyo nisingengoja hata siku moja. Kwa hiyo nilianza na hofu. Jioni baada ya maghribi analala mkekani, kichwa pajani kwangu, kioo kidogo mkononi mwake, nami namhesabia meno kwa mpini wa kijiko. Yote 20. Kisha zamu yake: anajifunga kanga yangu kama koti la daktari, ananihesabia mimi. Tukaweka sharti moja: ukinyanyua mkono, naacha. Na niliacha kweli, hata likiwa limebaki jino moja. Wakubwa zake niliwakataza kabisa kumwambia "ukilia utadungwa sindano", na pia kumwambia "hutaumia", kwa sababu mtoto akidanganywa mara moja hasikii tena.

Kabla ya kwenda Kampala nilipiga simu kuuliza kama siku ya kwanza wangekubali asitibiwe. Wakakubali. Tukapanda taksi asubuhi, ameshakunywa chai na kushiba, maana mtoto mwenye njaa na usingizi hana subira. Daktari alikuwa mama wa makamo. Kila kitu alikieleza kwanza, akamwonyesha, ndipo akafanya. Ule mswaki unaozunguka aliupitisha kwenye ukucha wa kidole gumba cha binti yangu, upepo akaupuliza kwenye kiganja chake. Siku hiyo alihesabu meno tu, tukarudi nyumbani.

Tuliporudi kuziba gego la kwanza, hakuwasha mashine ya kuchonga. Alikwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kujaza saruji ya meno yenye floridi. Aliniambia njia hiyo ilianzia kwa majirani zetu Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya sehemu zisizo na umeme. Kwa mtoto anayeogopa mlio, ni msaada mkubwa. Katikati ya kazi binti yangu akanyanyua mkono. Daktari akatoa vifaa, akaweka mikono yake magotini, akangoja. Akaanza tena, mkono ukanyanyuka tena, na niliona mtoto anampima. Daktari akaacha tena, hakukunja uso. Baada ya hapo mkono ulitulia kwenye nguo yangu mpaka kazi ikaisha.

Gego la pili, lile la kumuamsha usiku, uozo ulikuwa umefika kwenye mshipa wa fahamu, likabidi ling'olewe. Tulimwambia jino litalazwa kwa ganzi, kwanza atasikia kubanwa. Alilia, lakini alilia mdomo ukiwa wazi. Sikumpa soda kama zawadi. Nilimsifu kwa alichofanya: "Umetuliza kichwa vizuri, mama."

Siku hizi nampigia mswaki mimi mwenyewe asubuhi na kabla ya kulala, na nitaendelea mpaka afike miaka saba au nane, kwa kuwa mkono wake bado haufiki nyuma. Dawa yenye floridi kiasi cha punje ya njegere, anatema bila kusukutua kwa maji. Chai ya sukari ya usiku tumeiondoa, na hilo ndilo lililoleta ugomvi kuliko mswaki.

Kama mtoto wako ameshawahi kushikwa kwa nguvu, na hana uvimbe wala homa, omba siku ya kwanza iwe ya kuhesabu meno tu. Wakikataa, tafuta daktari mwingine.