Mshono ukitoa usaha siku ya sita, hesabu kurudi nyuma

Bandeji ikifunuliwa na usaha ukaonekana, hapa Dodoma lawama ya kwanza huangukia vumbi, ya pili nesi wa zamu ya usiku. Vumbi tunalo kweli, hasa upepo wa Agosti na Septemba ukianza. Lakini bakteria wengi wanaoharibu mshono hawaletwi na upepo. Ni stafilokokasi wa ngozi na pua ya mgonjwa mwenyewe, au wale wa utumbo, tumbo likiwa limefunguliwa. Waliingia nyama ilipokuwa wazi. Usaha wa siku ya sita utafutiwe chanzo siku ya upasuaji na jana yake.

Tuanze na wembe. Bado wapo wagonjwa wanaonyolewa nyumbani usiku wa kuamkia operesheni, kwa nia njema kabisa. Wembe huacha mikwaruzo ambayo jicho haliioni, na kufika asubuhi bakteria wameshazaliana humo. Nywele zisizosumbua ziachwe. Zinazosumbua zipunguzwe kwa mashine. Kuoga kwa sabuni ya kawaida kunatosha. Kwenye meza ya upasuaji, ngozi ikishapakwa klorheksidini yenye spiriti, dawa ya kuua vijidudu, iachwe ikauke yenyewe; kuifuta kwa gozi ili kuwahi ni kuifuta kinga.

Kisha dawa, na hapa ndipo pananiudhi zaidi. Antibayotiki ya kinga inatakiwa iwe imeshafika kwenye nyama kabla kisu hakijagusa ngozi. Shirika la Afya Duniani linataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kuchana; kwa sefazolini, ambayo hupungua mwilini haraka, ni bora isizidi dakika 60. Mtu mzima hupewa gramu 2. Operesheni ikipita saa 4, au damu ikipotea zaidi ya lita moja na nusu, dozi hurudiwa. Mara nyingi tatizo si aina ya dawa, ni saa. Sindano imechomwa wodini saa mbili asubuhi, ikaingia dharura ya mjamzito, mgonjwa wetu akapisha, akalazwa mezani saa nane mchana. Kwenye faili tiki ipo, kwenye damu iliyobaki haitoshi. Halafu kuna kosa la upande wa pili: kuendelea kuchoma siku tano baada ya mshono kufungwa, eti kwa usalama. Hiyo haiongezi kinga, inalea usugu.

Mwili wa mgonjwa nao una mchango wake. Sukari ya damu ikikaa juu ya 10 (mmol/L) kwenye kipimo chetu cha kawaida, chembe nyeupe za damu hupigana kwa uvivu, hata kwa mtu ambaye hajawahi kuambiwa ana kisukari. Sigara iachwe angalau wiki 4 kabla. Mafuta mengi chini ya ngozi hupata damu kidogo. Na baridi: asubuhi za Juni na Julai hapa kwetu, ukiongeza kiyoyozi cha chumba cha upasuaji, joto la mwili hushuka chini ya 36, mishipa ya ngozi hubana na oksijeni haifiki penye mshono. Blanketi ni kinga pia.

Kwa upasuaji wa uzazi, hatari kubwa ni uchungu uliodumu, chupa iliyopasuka muda mrefu, na kupimwa njia mara nyingi kupita kiasi. Mama aliyesafirishwa kutoka kijijini usiku kucha huwa navyo vyote vitatu.

Wengi huruhusiwa siku ya tatu, hivyo usaha huanzia nyumbani. Maambukizi ya mshono huhesabiwa hadi siku 30, au 90 kama kumewekwa chuma. Homa ya siku mbili za mwanzo kwa kawaida haitoki kwenye kidonda; ila maumivu makali yasiyolingana na mshono unavyoonekana, ndani ya saa 48, ni ya kukimbizwa. Bandeji ya kwanza ikae siku 1 hadi 2. Mama mkwe akija na ndoo ya maji ya moto, akande mgongo na miguu, mshono auache. Unga wa kapsuli za rangi mbili usimwagwe juu ya kidonda: unaganda, usaha unabaki chini yake.

Usaha uliofungiwa haukaushwi na vidonge. Zinatolewa nyuzi mbili tatu pale palipovimba na kulainika, usaha unatoka, sampuli inachukuliwa, kidonda kinaoshwa kwa maji ya chumvi ya dripu, kisha gozi lililoloweshwa linawekwa bila kushindiliwa na kubadilishwa kila siku.

Kimoja si cha kusubiri kliniki. Kati ya siku ya 5 na ya 8 baada ya upasuaji wa tumbo, bandeji ikiloa ghafla majimaji mepesi mekundu, kama maji yaliyooshea nyama, tabaka la ndani linaachia na utumbo unaweza kutoka. Mlaze chali, magoti yakunjwe, asile wala kunywa. Utumbo ukitoka usiurudishe; ufunike kwa gozi safi lililoloweshwa maji ya chumvi, na utafute gari. Bodaboda haifai.