Hotdish ya Magokoro

Leo sina zamu, lakini kazini nimeenda na kurudi. Trei iko hapa mezani imepoa, pembe moja imeliwa, na nyumba nzima inanuka supu ya uyoga. Ya mkebe. Nimepika hotdish peke yangu kwa mara ya kwanza tangu nifike Minnesota, na kabla sijaosha vyombo heri niandike, maana nikishalala nitakumbuka theluji tu.

Kwa msiojua: unakaanga nyama ya kusaga na kitunguu, unaitandaza kwenye trei, unatupia maharagwe ya kijani au mahindi, yoyote yaliyo kwenye mkebe. Unamimina ile supu nzito ya uyoga bila kuongeza maji, unafunika juu kwa vibonge vya viazi vilivyogandishwa, tater tots, halafu oveni. Basi. Hakuna bizari, hakuna dania, hakuna hata kitunguu saumu. Mara ya kwanza niliipewa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa baada ya mazishi. Nikadhani aliyepika alizidiwa na huzuni hadi akasahau viungo.

Aliyenifundisha ni mama mzee mmoja kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. (Brooklyn Park hapa, ukitupa jiwe limempata Mkisii wa Kenya anayetoka zamu au anayeenda.) Jina lake sitalitaja. Huku mzee wa miaka tisini anaitwa kwa jina lake la kwanza kama mtoto wa nasari, na mimi mdomo ulikataa kabisa. Nikamwambia kwetu mtu wa umri wake anaitwa Magokoro, yaani bibi. Akalipenda. Yeye hutamka "Magakaro", lakini anaitika.

Kiangazi cha 2022, PBS, ile televisheni ya umma, ilianza kuonyesha shindano la mapishi linaloitwa The Great American Recipe. Washiriki kumi, wote wapishi wa nyumbani, wamekusanywa mashambani Virginia, vipindi vinane. Mtangazaji ni Alejandra Ramos, majaji ni Tiffany Derry, Leah Cohen na Graham Elliot. Kilichonivuta ni zawadi. Nimezoea mashindano ya Marekani ambapo mshindi anamwagiwa hela na vipande vya karatasi vinaanguka kutoka darini. Hapa mshindi alikuwa anapata jalada: chakula chake kinawekwa mbele ya kitabu cha mapishi cha shindano. Magokoro aliposikia hivyo alisema, "Hiyo ndiyo zawadi ya maana. Pesa watoto watakula."

Ikawa ada yetu ya Ijumaa. Namsukuma kwenye kiti chake hadi sebuleni, nawasha, halafu naendelea na kazi zangu huku nikipitapita. Nikirudi ananipa muhtasari. "Yule mmoja anajivuna." "Yule mwingine amelia tena." Kijana wa Minneapolis alikuwa wake; akikosea chumvi Magokoro alikuwa anaona ni majaji waliokosea. Walikuwepo watu wa kila upande: mmoja familia yake ya Vietnam, mwingine zimamoto wa Rhode Island, mwingine mzaliwa wa Meksiko anayeishi California. Huyu wa mwisho, Silvia Martinez, ndiye aliyeshinda. Magokoro alinuna siku mbili, kisha akasema yule mama alistahili kwa sababu alikuwa hakimbiikimbii jikoni.

Kila mshiriki alikuwa anatueleza chakula kabla hakijaonjwa. Nyanya yangu alipika hiki, mama alinirithisha kile, hii ndiyo Marekani yangu. Machozi kidogo. Halafu, na hapa ndipo Magokoro alipokuwa anaanza kusogezasogeza kiti, anasema: lakini leo nimekifanyia jambo jipya. Ameongeza mchuzi wa aina nyingine, amekipanga kama ua, amekikata vipande vidogo vya kuliwa kwa mkono. Majaji wanatikisa vichwa kwa kuridhika.

"Ameiharibu," anasema Magokoro. Kila wiki. Neno hilohilo moja.

Mwanzoni nilimwona mkaidi tu. Mtu ambaye hajala pilipili tangu azaliwe ataambiwa nini kuhusu chakula? Lakini neno lake lilinifuata hadi jikoni kwangu. Maana chakula cha nyumbani sifa yake kuu ni kwamba jana kilikuwa hivi na kesho kitakuwa hivi. Sasa jaji utampa alama za nini? Za kutobadilika? Hakuna kipindi cha televisheni kinachoweza kusimama juu ya hilo. Kwa hiyo nyanya anaalikwa mlangoni kwa shangwe, halafu chakula chake kinavuliwa nguo zake na kuvishwa suti.

Na kuna saa. Nilijaribu kujiwazia mimi pale Virginia na chinsaga, ile mboga yetu chungu ya majani. Nawaambia majaji nini? Kwetu Nyamira mama anachuma jioni, anachemsha, anamwaga yale maji machungu, anarudisha sufuria mekoni na maziwa, halafu inalala. Kesho yake inatiwa maziwa tena. Chinsaga ya siku ya kwanza bado inakupiga kofi. Ya siku ya tatu ndiyo unayomwekea mgeni. Mimi saa ya ukutani ingelia nikiwa bado namwaga maji ya kwanza, na Tiffany Derry angekunja uso kwa adabu. Nimewahi kumpigia mama simu kumuuliza maziwa kiasi gani. "Mpaka yatoshe." Na moto? "Wa kawaida." Kitabu chenye jalada lake kingekuwa na ukurasa mmoja.

Si kwamba sikufaidi lile shindano. Nilifaidi sana, tena kwa njia ambayo Magokoro hakuitarajia. Mashindano haya ya vyakula vya mikoa ndiyo yaliyonionyesha kwamba nimekuwa nikipita mbele ya chakula changu dukani kwa miaka bila kukisalimia. Yale majani mapana ya Kusini yanayopikwa na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, nilipoyatazama vizuri kwenye skrini, ni sukuma wiki. Ndugu wa damu. Wao wanayapika muda mrefu mpaka yanalegea kabisa na mchuzi wake unanywewa. Sisi tunakatakata nyembamba na kukaanga haraka. Grits nayo ni mahindi meupe yaliyosagwa chenga, yakapikwa mepesi, yakatiwa siagi, yakamwagiwa kamba wa South Carolina juu. Nilinunua pakiti siku hiyohiyo. Nilipofika katikati mkono wenyewe ukaanza kutafuta unga wa kuongeza ili iive iwe kitu. Ni ugali uliokatishwa safari.

Halafu gumbo, ule mchuzi mzito wa Louisiana. Neno lenyewe ni la bamia. Lilivuka na watu waliotekwa Afrika ya Kati upande wa Angola na Kongo, ambao bamia waliiita kwa maneno kama ngombo. Unga unakaangwa kwenye mafuta, unakorogwa bila kuachwa mpaka unakuwa rangi ya chokoleti, kisha kitunguu, pilipili hoho na seleri. Mimi bamia nimeijua ukubwani, Mombasa, na sikuipenda kwa sababu ya ule utelezi. Hata hivyo kusikia ngombo ndani ya gumbo, neno la Kibantu kabisa limekaa kwenye mdomo wa mtu wa New Orleans miaka yote hiyo, kuliniweka kimya na mopu yangu mkononi.

Nilimweleza Magokoro. Akasikiliza. Akauliza kama bamia ndiyo ile kitu inayoteleza. Nikasema ndiyo. Akasema basi wangeacha neno na kutupa mboga.

Yupo mpishi mmoja ambaye nilimsimulia pia, Eric Adjepong, wazazi wake wa Ghana, wa shindano jingine, Top Chef. Mwaka 2019 alifika fainali ya msimu wa Kentucky, iliyopigwa Macau, na alikuwa amepanga sahani zake zifuate njia ya biashara ya watumwa, kutoka Afrika Magharibi kuvuka bahari. Akapika ya kwanza. Wakamtoa hapohapo. Zile nyingine zilibaki kichwani mwake. Sheria ni sheria, na sidhani majaji walimwonea. Lakini bado inaniuma, kwa sababu mtu amekuja na safari nzima na ameruhusiwa kufika bandarini tu. Watazamaji wengi walilalamika, na baadaye Tom Colicchio, jaji mkuu, alimkaribisha mkahawani kwake New York aipike yote. Magokoro alitaka kujua tu kama alipewa muda wa kutosha safari hiyo.

Hotdish yake nayo ina umri. Mapishi ya kwanza yanayojulikana kuandikwa kwa jina hilo yapo kwenye kitabu cha wanawake wa kanisa moja la Kilutheri huko Mankato, mwaka 1930. Magokoro amezaliwa 1931. Supu ya uyoga ya Campbell's ilikuja 1934, na vile vibonge vya viazi katika miaka ya 1950, vilipobuniwa na ndugu wawili wa kampuni ya Ore-Ida waliokuwa na mabaki ya viazi vya chipsi na hawakutaka kuwalisha ng'ombe. Kwa hiyo hii "mila" imekua mbele ya macho yake, mkebe baada ya mkebe. Nilipomwambia mapishi ya kiwanda hayawezi kuitwa ya asili alinitazama kama nimetukana. Ilikuwa njaa, alisema. Nyama kidogo, watoto wengi, na kila mtu kanisani alijua kuipika, kwa hiyo ukifiwa unaletewa kumi na hakuna hata moja inayokushangaza. Ukifiwa hutaki kushangazwa.

Hilo la mwisho nililiandika nyuma ya karatasi ya zamu.

Wabunge na maseneta wa Minnesota wana shindano lao la hotdish kule Washington, lililoanzishwa na seneta Al Franken. Tim Walz alilishinda zaidi ya mara moja kabla hajawa gavana. Magokoro analidharau kabisa. Wanaume wenye aproni mpya, anasema.

Mwezi uliopita alinipa kadi. Karatasi ngumu, ina doa la mafuta lenye umbo la ini, mwandiko wa kulala. Nilitegemea siri. Hakuna. Ratili moja ya nyama, mkebe mmoja, mkebe mmoja, pakiti moja, nyuzi 375 za Fahrenheit. Chini kabisa ameandika, akapigia mstari mara mbili, kwamba viazi vipangwe kwa safu. Nilimuuliza kwa nini, kwani vikimwagwa tu si vinaiva vilevile? Akasema vinaiva vilevile.

Leo asubuhi nimepanga. Safu sita, vibonge kumi na moja kila moja, vidole vimekufa ganzi kwa barafu. Mkono ulikwenda mara mbili kwenye kopo la bizari nikaurudisha. Nilipoitoa oveni ilikuwa ya dhahabu juu na inatokota pembeni, nikaizungushia taulo mbili nikaendesha polepole kama nimebeba mtoto mchanga.

Sikuwaza jambo moja. Magokoro siku hizi yuko kwenye mlo wa chumvi kidogo, na ile supu ya mkebe ni chumvi yenye uyoga. Nesi wa zamu alitazama trei, akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu. Mimi mwenyewe ndiye huwa nasoma karatasi ya milo kila siku, sijui akili niliiweka wapi. Nikasimama pale koridoni na koti langu, miaka yote ya kazi hii, karibu nilie kwa sababu ya viazi.

Magokoro akasema nilete tu, hajaomba kula.

Nikaiweka kwenye meza yake ya magurudumu, nikafunua taulo. Mvuke ukampanda usoni, akafumba macho, akakaa hivyo kitambo kirefu hadi nesi akasogea kumwangalia. Alipofumbua, akavaa miwani ya kusomea. Akainama. Kidole chake kikapita juu ya trei bila kugusa, safu ya kwanza, ya pili, kama anayehesabu watoto kwenye benchi. Akaniambia nikate pembe nile mbele yake. Nikala. Chumvi, viazi, uyoga, ule ulaini usio na haraka. Ilikuwa ileile ya siku ya mazishi.

"Vipi?" akauliza.

"Iko sawa, Magokoro. Kama ya kanisani."

Akarudi kwenye trei, kidole kikasimama.

"Safu ya tatu imepinda," akasema, akavua miwani.