Kiko wakati wa kusi: nilivyopata pembe tulivu Mombasa

Kuanzia Aprili hadi Septemba kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, na roshani inayotazama bahari haifai kabisa kwa kuvutia kiko cha tumbaku. Upepo ukipita juu ya bakuli huchochea kaa, tumbaku inaungua haraka, mbao ya kiko inapata moto sana na ulimi unawashwa. Ukivuta kwa nguvu ndiyo unazidi kuharibu.

Nilihamia uani, upande wa kaskazini-magharibi, nyumba yenyewe ikiwa kizuizi. Kabla ya kuweka kiti, washa mshumaa kwenye kimo cha kifua: mwali ukisimama bila kulala kwa dakika moja, hapo panafaa. Kwangu upepo ulikuwa bado unazunguka pembeni mwa ukuta. Turubai liliongeza vurugu, maana upepo unaruka juu yake na kuanguka nyuma. Mkeka wa ukili uliosukwa kwa kulegea, wa mita moja na nusu kwenda juu, ulimaliza kazi. Unapitisha hewa kidogo na kuivunja nguvu. Kaa karibu nao, na mbali na madirisha, moshi usiingie kwa watoto.

Limebaki suala la unyevu wa tumbaku. Itandaze kwenye karatasi ndani ya nyumba nusu saa; ukiifinya ikashikana donge, bado. Kiko kikigugumia, pitisha kijiti cha kusafishia, lakini usichomoe kipande cha mdomoni kiko kikiwa moto, shina hupasuka.

Baraza za hadharani ziache: sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza.