Siku moja maishani mwangu: jiko la Tex-Mex (mapishi ya Texas yenye asili ya Mexico), San Antonio, Texas

Saa 10 alfajiri. Maharage ya pinto yaliyolowekwa usiku yanabandikwa pamoja na kitunguu na bekoni. Yakiiva yatapondwa ndani ya mafuta ya nguruwe.

Saa 11. Tortilla za ngano, yaani chapati nyembamba za Kimexico. Kilo 1 ya unga, gramu 200 za mafuta ya nguruwe, beking pauda, chumvi, maji ya moto nusu lita na ushei. Donge lipumzike dakika 30, la sivyo ukisukuma linajirudi. Aliyezoea chapati azuie mkono: bati la kuchomea ni kavu, hakuna kupaka mafuta. Bati likiwa vuguvugu tortilla hukauka kabla ya kuvimba.

Saa 12 asubuhi. Taco, yaani tortilla zilizokunjwa, za mayai na viazi. Foleni ndefu, kazi nyepesi.

Saa 3. Mchuzi wa chili, na hapa ndipo mgahawa unapojulikana. Robo kikombe cha mafuta na robo kikombe cha unga vinakaangwa mpaka vigeuke hudhurungi. Ongeza vijiko vikubwa 2 vya unga wa ancho (pilipili kavu ya Mexico), vidogo 2 vya bizari nyembamba, kitunguu saumu na majani makavu ya oregano. Koroga dakika moja, usizidishe. Viungo vikiungua, uchungu hauondoki hata ufanyeje. Kisha supu vikombe 2, kidogo kidogo, ichemke taratibu dakika 15. Bizari nyingi namna hii ni mambo ya Texas. Mexico ya kati huitumia kwa uchache.

Saa 5. Enchilada: tortilla zinazokunjwa na jibini ndani, zikamwagiwa ule mchuzi wa chili. Tortilla ya mahindi inapitishwa kwenye mafuta ya moto sekunde chache: usipofanya hivyo inapasuka ukiikunja, ukichelewa inakuwa krispi. Jibini ya cheddar paruza mwenyewe. Ile iliyoparuzwa kiwandani imepakwa wanga isigandane, basi haiyeyuki vizuri.

Saa 10 jioni. Fajita, nyama ya kuchoma inayoliwa na tortilla: ni nyama ya kiwambo cha ng'ombe, iliyokuwa ya bei rahisi kabla Ninfa Laurenzo, mwenye mgahawa, hajaipatia umaarufu huko Houston miaka ya 1970. Menya utando wote. Kuiloweka kwenye ndimu kusizidi muda wa saa mbili, la sivyo nyama italegea juu. Moto mkali, kisha ikatwe kukingama nyuzi. Ukifuata nyuzi, mteja atatafuna mpaka achoke.

Saa 4 usiku. Maharage yaliyobaki yanatandazwa kwenye trei yapoe upesi. Tortilla za mahindi zinakatwa pembetatu na kuachwa wazi: zikikauka kidogo, kesho hazitanyonya mafuta mengi.