Wapenzi wanaokataa kuagana: kumbukumbu ya mradi wangu wa metali ya gothiki

Sehemu ya waliofiwa imekamilika, nayo ndiyo niliyoitamani tangu nianze mradi huu wa kufafanua mashairi ya metali ya gothiki, muziki mzito wa magitaa wenye maneno ya huzuni na mauti. Kwa anayeingia leo: kila wimbo nausikiliza mpaka unizoee, nasoma maneno yake bila muziki, kisha naandika daftarini nani anazungumza, anazungumza na nani, na kati yao nani amekufa. Hilo swali la tatu ndilo linalofungua mlango.

Watu wanaopita barazani kwetu Ngamiani, Tanga, na kusikia spika zangu hudhani hizi ni nyimbo za kuabudu mauti. Mimi naona vingine. Nyingi zake ni maneno ya mtu aliyefiwa na akakataa kuagana.

Jina la muziki huu lilishika baada ya Paradise Lost, bendi ya Halifax, Uingereza, kutoa albamu yao Gothic mwaka 1991: magitaa mazito yanayokwenda taratibu, sauti ya kiume inayonguruma, na nyuma yake sauti ya mwanamke pamoja na okestra. Majirani zao wa Bradford, My Dying Bride, walikuwa wameanza mwaka 1990, na wao wakaleta fidla. Jina lao tu ni hadithi nzima, bibi harusi anayekata roho, harusi na matanga katika nyumba moja.

Lakini mzizi ni wa zamani kuliko magitaa. Edgar Allan Poe wa Marekani aliandika mwaka 1846 kwamba hakuna mada yenye ushairi kuliko kifo cha mwanamke mrembo. Katika shairi lake lililochapishwa mwaka 1849, mwanamume analala kila usiku kando ya kaburi la mpenzi wake, ufukweni kabisa. Shairi nalipenda, ile kauli siikubali. Inamgeuza marehemu kuwa pambo, mrembo asiye na neno. Ndiyo maana nawaheshimu sana Theatre of Tragedy wa Stavanger, Norwei. Katika albamu yao ya kwanza, ya mwaka 1995, mwanamume ananguruma na mwanamke anajibu kwa sauti nyembamba, safi. Mwanamke naye ana lake la kusema, na mara mapenzi yanakuwa mazungumzo. Nimesikiliza majibizano yale usiku, umeme umekatika na simu inakaribia kuzima, nikajikuta namngojea yeye tu aingie.

Mapenzi yenyewe si lazima yawe ya bibi na bwana. Katika October Rust, albamu ya bendi ya Type O Negative ya mwaka 1996, mwimbaji wao Peter Steele ana wimbo wa kuwaomboleza jamaa zake, na wakati aliouchagua ni Krismasi. Nani asiyeujua uchungu huo? Ni kama Iddi ya kwanza baada ya kumzika mama: pilau imeiva, watoto wamevaa, na mtu anapakua sahani iliyozidi moja. Steele mwenyewe alifariki mwaka 2010, na tangu hapo mashabiki tunausikiliza wimbo ule kwa ajili yake pia.

Hapo nilisimama siku nyingi, kwa sababu nilikumbuka kwamba kwetu Tanga yupo aliyepita njia hiyo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Machui mwaka 1909, alimwandikia marehemu mkewe Amina shairi la kumlilia. Anamwambia kuwa ametangulia, na kuwa mapenzi waliyoyafunga hapana wa kuyafungua. Ukali wa mapenzi ni uleule wa Halifax. Tofauti ni kwamba Shaaban anamwombea Amina apokelewe peponi. Anaye wa kumkabidhi. Katika nyimbo nyingi nilizoandika daftarini, anayelia hana wa kumkabidhi maiti wake, au amegombana na Mungu, kwa hiyo anabaki amemshika mkono. Kwangu mimi, ule mwendo mzito wa magitaa unatoka hapo.

Nilikwenda pia Tongoni, kwenye njia ya Pangani, kuyatazama makaburi ya nguzo, yale ya kale yaliyosimamishiwa nguzo za mawe. Nyingi zimeanguka. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na ukisogea unaona vishimo vya duara ambamo zamani vilipachikwa vyombo vya kauri kutoka ng'ambo. Nilitia kidole katika kimojawapo. Chokaa bado imeshika ukingo wa bakuli lisilokuwapo. Mtu alichukua chombo kizuri cha nyumbani, chombo cha kulia wageni, akampa marehemu. Nimeichora nguzo hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa sehemu hii.

Wimbo mmoja nimeuwekea onyo. Bendi ya HIM, ya Finland, ilitoa mwaka 1999 wimbo ambamo mpenzi anamwita mwenzake wafe pamoja, njia ya Romeo na Juliet. Ni wimbo mtamu na sitaki kuuficha, ila vijana wananisoma. Nimeandika wazi: hao wa Shakespeare walikufa kwa sababu habari ilichelewa na wazazi walikuwa na uhasama, na ukiwa na fikra hizo leo, mwambie mtu wa karibu leo hiihii.

Sehemu inayofuata ni ya nyimbo ambamo marehemu ndiye anayezungumza. Naanza na Moonspell wa Ureno, albamu yao ya mwaka 1995, kisha nitarudi kwa My Dying Bride. Mwenye wimbo wa aina hiyo aniandikie jina lake. Daftari bado lina kurasa.