Mazoezi ya majini uzeeni: anza kwa kujua kutoka

Mtu mwenye magoti yanayouma akiingia kwenye maji yanayomfika kifuani, jambo la kwanza analolihisi ni wepesi. Hatua iliyokuwa ikimtoa jasho nchi kavu, majini anaipiga bila kushika ukuta. Maji yakimfika kiunoni, miguu yake inabeba takriban nusu tu ya uzito wake. Yakifika kifuani inabeba kama theluthi, na yakifika shingoni ni karibu sehemu moja ya kumi. Lakini uzito huo haujaenda popote. Unamngoja pale ngazini, na humrudia wote ndani ya hatua tatu nne za kutoka, wakati misuli imeshachoka. Kwa hiyo, kabla hujafikiria zoezi lolote, jifunze kuingia, jifunze kusimama tena ukipoteza mizani, na jifunze kutoka.

Muone daktari kwanza, hasa ukiwa na ugonjwa wa moyo, presha, kisukari, kifafa au shida ya kupumua. Usiingie ukiwa na kidonda kibichi, homa au tumbo la kuhara, wala ukiwa na maumivu ya kifua yanayokuja hata umekaa. Maji yanaubana mwili kutoka pande zote na kuisukuma damu ya miguuni kuelekea kifuani. Moyo unapokea damu nyingi kuliko ulivyozoea, na figo nazo zinaongeza mkojo. Hii ndiyo sababu ya haja ndogo kukujia katikati ya mazoezi. Nenda msalani kabla ya kuingia, kunywa glasi ya maji kabla na nyingine baadaye, kwa sababu majini unatoka jasho bila kulihisi. Mwenye kifua kinachobana aanzie maji ya kiunoni, maana yakipanda kifuani mbavu zinafanya kazi zaidi kwa kila pumzi. Dawa ya pumu au ya moyo unayotumia hali ikikubadilikia ghafla, au kitu kitamu ikiwa una kisukari, viwe ukingoni mwa bwawa, si ndani ya mkoba kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Uliza joto la maji kabla ya kulipia. Kwa tiba ya viungo, ambapo mwendo ni wa polepole, nyuzi 33 hadi 35 za Selsiasi zinafaa. Kwa mazoezi ya kutembea na kuchangamka, nyuzi 28 hadi 31 zinatosha. Bwawa la waogeleaji mara nyingi huwa baridi kuliko hapo. Anayeogelea kwa kasi hajali, lakini mtu mzima anayesogea taratibu atakakamaa baada ya muda mfupi, kwa kuwa maji yanaunyonya joto mwili haraka kuliko hewa. Ukianza kutetemeka, toka. Kutetemeka hakutibiwi kwa kuongeza bidii.

Vaa viatu vya majini vyenye soli ya mpira. Sakafu ya ukingoni ni ya kuteleza kuliko ya ndani ya bwawa, na watu wengi huangukia pale. Ngazi ya wima ishuke kinyumenyume, uso ukielekea ukuta, mikono yote miwili ikishika. Kama ni ngazi pana yenye reli, mguu mbovu utangulie kushuka. Wakati wa kupanda, mguu mzima utangulie. Maji yanadanganya macho: sakafu inaonekana iko juu kuliko ilivyo, kwa hiyo papasa kwa unyayo mpaka uiguse, ndipo uuhamishe uzito. Ukishafika chini, simama ukutani dakika mbili bila kufanya lolote. Acha pumzi itulie.

Kina kizuri ni kati ya kitovu na kifua. Wanaoanza hupenda kusogea penye kina zaidi kwa sababu pana raha zaidi, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Visigino vinainuka, mtu anatembelea vidole, na baada ya dakika chache misuli ya shavu la mguu inakaza kwa maumivu. Kipimo ni rahisi: kama unyayo wote haukanyagi sakafu, rudi nyuma hatua mbili.

Zoezi la kwanza ni kutembea, na lifanye kana kwamba hulijui. Kisigino kinatangulia, unyayo unafuata, vidole vinasukuma. Mgongo wima, kidevu sambamba na uso wa maji, mkono wa kushoto ukienda mbele pamoja na mguu wa kulia. Usiinamie maji ili uyapasue. Kiuno kitakuambia jioni. Tembea mbele dakika tatu, kinyumenyume dakika moja, kisha upande upande kama kaa, dakika moja kila upande. Kurudi nyuma ndiko kunakowashinda wengi, kwa hiyo kufanyie karibu na ukuta, mkono mmoja ukiugusa tu bila kuung'ang'ania.

Ukishatembea, shika ukuta uinue visigino mara 10, upeleke mguu ulionyooka kando mara 10 kila upande, kisha ukunje magoti kidogo kama unayetaka kuketi, mara 10. Yatosha kwa siku ya kwanza. Hesabu kwa sauti, maana anayehesabu hawezi kubana pumzi, na kubana pumzi kunapandisha presha. Mapigo ya moyo majini huwa chini kuliko nchi kavu kwa kazi ileile, kwa hiyo usiyategemee kama kipimo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kukatwa na pumzi, uko salama.

Uzito wa zoezi majini ni kasi. Ukiongeza kasi mara mbili, upinzani wa maji unakua kama mara nne. Ndiyo maana sipendi dambeli za sponji, zile za kushika mkononi, kwa anayeanza. Zinataka kuelea, wewe unazilazimisha chini, na bega lisilozoea ndilo linalolipa. Kwa wiki za mwanzo viganja vyako vinatosha: vikiwa ubavu vinakata maji, vikiwa bapa vinayasukuma.

Sasa lile linaloachwa sana, kusimama tena. Hofu ya maji kwa wazee wengi ni hofu ya miguu kuelea mbele na kushindwa kuirudisha chini. Jifunze ukiwa na mtaalamu kando yako, mkono wake chini ya mgongo wako. Ukiwa chali, kwanza lete kidevu kifuani. Kisha vuta magoti yote mawili kuelekea tumboni, kama unayejikunyata. Wakati huohuo sukuma maji kwa mikono yote miwili kutoka nyuma kuja mbele. Mwili utazunguka wenyewe na nyonga zitashuka. Ngoja nyayo ziguse, ndipo unyooshe magoti. Kosa la kawaida ni kutupa kichwa nyuma na kunyoosha miguu, na hapo mtu anazidi kuelea. Rudia mpaka mwili uufanye mwendo huo bila kuambiwa. Naona hili linafaa kutangulia zoezi lolote la kuelea, hata likila kipindi kizima.

Kutoka kunaanza dakika tano kabla. Punguza mwendo, tembea polepole kuelekea maji ya kiunoni, simama hapo dakika moja au mbili. Panda ngazi moja, tua. Panda nyingine, tua tena. Ule mbano wa maji ukiondoka, damu inateremka miguuni na presha inaweza kushuka ghafla, hasa kwa anayetumia vidonge vya presha na maji yakiwa ya moto. Kizunguzungu kikija ukiwa ngazini, rudi ndani ya maji, usikimbilie kiti. Awepo mtu ukingoni, na kiti na taulo viwe tayari hatua chache tu kutoka ngazini.

Siku ya kwanza dakika 15 zinatosha, hata kama unajisikia ungeweza saa nzima. Fanya mara mbili kwa wiki, uongeze dakika tano kila wiki mpaka ufike 30 au 45. Maumivu ya viungo yakizidi kawaida yake kwa zaidi ya saa mbili baada ya kutoka, ulipitiliza. Safari ijayo punguza muda au kasi, usiache kabisa. Uchovu wa misuli siku inayofuata si kitu cha kutisha.

Kwa mwenye mifupa dhaifu kuna jambo jingine. Wepesi uleule unaoyapumzisha magoti unainyima mifupa uzito inaouhitaji ili iwe imara. Siku zisizo za bwawa, tembea nchi kavu, na mara mbili kwa siku inuka kwenye kiti na kuketi tena mara 8 hadi 10, kiti kikiwa kimeegemea ukuta, mikono ikisaidia pale tu inapobidi.