Nilivyomfundisha mwanangu kwamba treni haina macho

Mwanangu ana miaka minne, yuko nasari, na kitu anachopenda kuliko vyote ni katuni za treni. Tunakaa Tororo, si mbali na ile reli inayotoka Malaba kwenda Jinja mpaka Kampala, kwa hiyo honi kwetu ni kitu cha kila siku, hata hatushtuki tena. Nilikuwa namwekea kwenye simu nikiwa napika, anatulia tuli, na mi nilifurahi kwa sababu yale mambo anayoona ni mazuri kweli, treni ndogo inasaidia kubwa iliyokwama mlimani, yenye majivuno inakimbia ovyo inaanguka, halafu inaomba msamaha na wenzake wanaipokea. Akaanza kusema pole bila kulazimishwa. Akawa akishindwa kufunga kiatu anajaribu tena badala ya kukitupa. Sa mzazi gani atakataa kitu kama hicho?

Halafu Jumamosi moja tunatoka sokoni, njia yetu inakatisha reli, honi ikalia, mtoto akaniponyoka mkononi akakimbia akaenda kusimama karibu kabisa na reli anapunga mkono. Nilitupa mfuko, nyanya zikatawanyika, nikamrukia nikamvuta nyuma. Treni ilikuwa bado mbali kidogo lakini miguu ilikuwa inanitetemeka hata kusimama siwezi. Namuuliza, baba, ulikuwa unafanya nini pale? Akanijibu hana wasiwasi hata kidogo: "Mama, ikiniona itasimama. Treni ni rafiki yangu."

Usiku ule sikulala. Kwenye katuni treni ina macho, ina mdomo, inacheka, inasikia ukiita, na mtoto wa miaka minne hajui kutenganisha. Hata zile ambazo zina dreva ndani, mtoto haangalii dreva, anaangalia ule uso.

Kesho yake nikazifuta zote. Siku tatu ni kilio, na uoga wangu haukuisha, manake reli bado iko palepale na yeye bado anaamini treni itamwona. Nikaona kumbe kufuta sijafanya kitu.

Kilichonipa akili ni kusoma jinsi hadithi za Thomas, ile treni ya katuni yenye uso, zilivyoanza. Kulikuwa na mchungaji wa Uingereza, Wilbert Awdry, mtoto wake Christopher aliugua surua, baba akawa anamsimulia hadithi za treni pale kitandani. Kitabu cha kwanza kikatoka 1945, kwenye televisheni zikafika 1984. Yaani mwanzo wake haikuwa skrini, ilikuwa mzazi anasimulia kwa mdomo na mtoto anauliza maswali. Nikasema basi na mi nitasimulia.

Hapa Uganda wote tunawajua maVJ, wanaokutafsiria filamu pale kwenye kibanda na wanaongeza maneno yao. Nikawa VJ wa mwanangu. Nazima sauti, Kiingereza chenyewe alikuwa hakielewi vizuri, naongea mimi kwa Kiswahili. Tunaangalia katuni mbili tu, halafu nasema taa nyekundu, simu inazimwa, na hiyo aliikubali haraka kuliko nilivyofikiria kwa sababu ni lugha ya treni. Kila treni ikitokea namuuliza, nani anaiendesha? Dreva. Dreva ana usukani? Hana.

Hayo ya usukani nilifundishwa na mzee jirani yetu, alifanya kazi reli zamani. Nilimwendea nikamwambia mzee, naomba unieleze treni inasimamaje nikamweleze mtoto. Akanijibu, "Binti yangu, lile ni gurudumu la chuma juu ya chuma, linateleza. Ikiwa na mzigo, dreva akifunga breki leo hii inaweza kwenda kilomita nzima na zaidi ndio isimame. Na hawezi kukukwepa, njia yake ni moja." Nilirudi nikamwambia mwanangu hivohivo, na kilomita nikamwonyesha kwa miguu, tukatembea mpaka akachoka akaomba kubebwa.

Halafu nikampeleka akaione. Tukasimama mbali, juu kidogo, nimemshika mkono, tukangoja karibu saa nzima. Ilipopita na makontena, ardhi inatetemeka, aliingia kwenye gauni langu akajificha. Akaniuliza taratibu, "Mbona haina macho?" Nikamwambia ni mashine baba, inafanya kazi, inaleta mizigo kutoka Mombasa, reli yenyewe ilianzwa kule 1896 na Kampala ikafika 1931. Akashangaa sana kwamba njia hii inaanzia baharini, mpaka leo anauliza kama samaki wanaiona.

Katuni nilimrudishia. Sitaki apoteze yale ya kusaidiana na kuomba msamaha kwa sababu ya kosa moja, na kwa mzazi anayekaa karibu na reli ningemwomba tu asimwache mtoto peke yake na ile simu, akae naye aongee.

Juzi binamu yake wa miaka mitatu alikuja, nikawawekea. Niko jikoni nasikia sauti imezimwa. Nachungulia, mwanangu ndio VJ, ameshika mkono wa mwenzie kwa nguvu, anamwambia, "Hii inacheka, lakini ile ya kwetu haikuoni. Tunasimama hapa. Tunangoja ipite yote."